Maneno Saba ya Ludwina

Fidelis aliposoma kwamba lugha ya watu wa Uvrai imekufa, Ludwina alikuwa ameketi nyuma kabisa ya kanisa na gimbi lililomenywa nusu mkononi, na wa kwanza kucheka alikuwa wifi yake.

Hakikuwa kicheko cha wazi. Serafina alikipitisha puani, haraka, kama mtu anayezuia chafya ibadani. Lakini wanawake wote waliokuwa wakimenya kwenye jamvi lile walikisikia, na wawili wakainamisha vichwa wasionekane meno. Ludwina akaliweka gimbi chini. Kisu akabaki nacho.

"Nimemuuliza mama wa Uvrai maneno mia mbili," Fidelis aliendelea kusoma kule mbele, karatasi ameishika kwa mikono miwili. "Mia moja tisini na matatu ameyasema vilevile kama yanavyosemwa hapa Dapsu. Saba hakuyajua. Maji, moto, mvua, njia, jiwe, mwezi na gimbi. Tena ile L ya kooni, ambayo wazee wanasema ndiyo alama ya Uvrai, sikuisikia hata mara moja. Kwa hiyo nimeandika kwamba lahaja ya Uvrai haipo tena. Kitabu kitakuwa kimoja, cha Kidapsu. Na darasa la watoto litakuwa moja, hapa."

"Hapa!" akadakia Otto, shemeji yake Ludwina, na watu wakapiga makofi.

Hakuyajua! Mwanamke wa miaka sitini, aliyeanza kuteka maji kabla hajaota meno ya pili, asijue maji yanaitwaje! Aliyepanda magimbi akawalisha haohao waliokuwa wakipiga makofi, asijue gimbi! Watu wazima wapatao sitini walikuwa chini ya bati lile asubuhi ile, na ukimtoa Fidelis, hakuna hata mmoja ambaye hakujua kwa nini maneno yale saba hayakutoka kinywani mwa Ludwina. Hata watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walijua. Wote wakanyamaza, na waliposhindwa kunyamaza wakashangilia.

Kwa Wayamrep, yaani watu wa Dapsu na wa Uvrai, mtoto hupewa jina la kitu. Baba mkwe wa Ludwina aliitwa Maji. Mama mkwe wake, Mvua. Shemeji zake watatu, ambao padri aliwabatiza Otto, Benedik na Matius, kwa majina ya kuzaliwa ni Moto, Jiwe na Njia. Serafina ni Mwezi. Baba mdogo wa mumewe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa Gimbi. Majina ya ubatizo hayana mwiko, yatamke utakavyo. Lakini jina la kuzaliwa la mkwe halitajwi na mke, mkwe awe hai au awe kaburini, na kitu chenye jina hilo nacho hakitajwi. Kwa miaka arobaini na mmoja Ludwina alikuwa akiomba "kile cha kunywa". Alikuwa akipulizia "kile chekundu" jikoni, akichimba "kile cha shambani", akilowa kwa "kile kinachoanguka". Na kwa kuwa jina la baba mkwe wake, kwa matamshi ya kwao Uvrai, lina ile L inayobanwa nyuma kabisa ya ulimi, mama mkwe alimwambia siku ya kwanza tu: hiyo L yako iache mlangoni, usije ukamgusa mzee kwa bahati mbaya. Akaiacha. Msichana wa miaka kumi na tisa aliiweka chini sauti ya mama yake mzazi, akaanza kusema L nyepesi ya Dapsu, ya ncha ya ulimi, na watu wakamsifu kwa adabu zake.

Adabu ileile sasa ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi kuwa ujinga, na ilikuwa inasomwa kanisani.

Fidelis hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Ludwina zaidi, maana mtu mbaya angemtukana akapumua. Baba yake alikuwa mtu wa Dapsu, mama yake mtu wa pwani. Yeye kakulia mjini Lae, hana mke, na Kiyamrep anakisema kwa kusitasita kama anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Wakubwa wa mjini walikuwa wamemtuma na kinasa sauti kwa sababu serikali imeamua watoto wadogo wafundishwe kwanza kwa lugha ya nyumbani. Lahaja itakayoonekana ina sauti zake yenyewe itapewa kitabu chake, darasa lake na mwalimu wake. Isiyo nazo itafunikwa na ya jirani. Fidelis alikusudia kupanda Uvrai akasikilize mwenyewe, lakini mto Isip ulikuwa umefurika wiki ya tatu sasa, daraja la kamba limekwenda na maji, na ndege ndogo ilikuwa inakuja kumchukua kesho asubuhi. Akaambiwa yupo mama mmoja wa Uvrai hapahapa, mke wa mzee Kasper. Akafurahi, akaacha kuulizia daraja.

Kaka yake Ludwina, Avoi, alipozipata habari hizo alishuka hadi ukingo wa pili akampigia dada yake ukelele, kama watu wa milimani wanavyopelekeana habari. Ng'ambo ya maji yale hufika sauti ndefu tu, nyingine zote humezwa na mto, kwa hiyo alirudia na kurudia mpaka akaeleweka: "Dada! Watoto wetu wako mdomoni mwako!"

Watoto wa Uvrai wenye umri wa darasa ni thelathini na wawili. Wakishuka Dapsu siku ya soko huigizwa kila wanapofungua kinywa. Wenzao wa huku hujikamata koo, wakatoa macho, wakajifanya wamekwamwa na mfupa. Darasa likiwa moja, la Dapsu, ataigiza mwalimu.

Ndiyo maana Ludwina alikubali kukaa barazani kwake siku tatu na mashine mbele ya mdomo, shemeji zake wamejipanga kwenye ngazi wakitafuna kokwa za popoo na kutema mate mekundu, wakimsikiliza kama wanaosubiri ateleze. Siku ya kwanza walipofika kwenye neno maji, alimtazama mumewe.

"Hilo liache," alimwambia Fidelis. "Liulize kwingine."

"Kwingine wapi, Mama?"

"Mume wangu atakueleza."

Mwenyewe hangeweza kueleza, maana ukianza kusema kwa nini hulitaji jina, umeshalitaja nusu. Fidelis akaandika kitu, akaenda kwenye neno lililofuata. Jioni Ludwina akamwambia Kasper, "Mweleze yule kijana. Mwambie ni mwiko. Asubiri mto upungue apande Uvrai, au angalau aandike kwamba maneno yapo, ila mimi sina ruhusa."

"Nitamwambia," Kasper akasema.

Siku ya pili, nitamwambia. Siku ya tatu alikasirika kidogo: "Si nimeshamwambia, mama watoto? Una wasiwasi gani wewe?"

Sasa wakati wa chakula cha mchana ulipofika na watu wakamwagika uwanjani, Ludwina hakwenda walikokaa wanawake. Alimfuata Kasper hadi kwenye shimo la kupikia, ambako alikuwa akiondoa majani ya mgomba juu ya mawe ya moto, mvuke umemfunika mpaka kifuani.

"Ulimwambia nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Kasper. Fidelis. Ulimwambia nini?"

Kasper akaendelea kuondoa majani. "Watu wanasikia."

"Wasikie. Wameshasikia kwamba mimi ni bubu, hili ndilo litawashinda?"

"Nilitaka kumwambia. Kweli kabisa nilitaka. Otto akasema, ngoja kwanza."

"Ungoje nini?"

"Ebu fikiri, Ludwina." Alinyoosha mgongo, akapunguza sauti. "Madarasa yakiwa mawili, kila kitu kitagawanywa. Bati zitagawanywa, madaftari yatagawanywa, mwalimu naye nusu. Huku tuna watoto sabini. Kwenu wako wangapi? Na hiyo lugha yenu, tuambiane ukweli, imebakiza miaka mingapi? Wewe mwenyewe huisemi."

Ludwina aliwahi kugombana na mume huyu kwa ajili ya nguruwe, kwa ajili ya mahari ya binti yao, kwa ajili ya mama yake mpaka wakavunjiana vyungu, lakini hasira hii hakuwahi kuionja.

"Siisemi," alisema. "Siisemi kwa sababu ya nani?"

"Kwa adabu yako. Nani asiyejua? Wote tunakuheshimu."

"Mnaniheshimu."

"Sana."

"Basi nenda pale mbele ukaseme. Wewe huna mwiko na jina la baba yako. Simama useme, mke wangu anayajua yote saba, sisi ndio tuliomfunga mdomo. Dakika moja tu. Hata usipotaja neno lolote, sema hivyo tu."

Kasper aliangalia upande wa pili wa uwanja, walikokuwa ndugu zake. Otto alikuwa akimtazama huku akichovya kijiti chake kwenye kibuyu cha chokaa ya kutafunia popoo, hana haraka.

"Karatasi imeshasomwa," Kasper akasema. Akachagua gimbi zuri, lililoiva mpaka limepasuka, akaliweka kwenye jani, akamnyooshea. "Kula kwanza. Ukishiba tutaongea."

Ludwina alilipokea kwa mikono miwili kama anavyotakiwa mke, akageuka, akawatupia nguruwe.

Walipoingia tena kanisani, diwani Hubert alikuwa ameweka mezani kidau cha wino na karatasi ya Fidelis, na wanaume walikuwa wameanza kupanga mstari ili waweke vidole gumba. Diwani ni mtu wa haki kwa kiasi chake. Akishiba huwa wa haki zaidi. Alimwona Ludwina akija katikati ya mabenchi, si kwa ukutani wanakopita wanawake, akakunja uso.

"Diwani, nina neno."

"Wanawake watasema baada ya vidole, mama."

"Ninayo saba."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Ludwina alikuwa ameshafika mbele. Alimtazama kwanza Fidelis.

"Mwanangu, wewe ulinikosea, ila hukujua. Nimekusamehe. Hawa walijua." Akawageukia watu. Alitaka kuongea, alikuwa amepanga maneno njia nzima kutoka kwenye shimo, lakini alipoona uso wa Serafina umejiandaa kucheka tena, mpango wote ukamtoka. "Mlinifanya nisiseme, nikakubali! Nikafa kiu na mtungi uko mbele yangu kwa sababu mgeni hajui 'kile cha kunywa' ni nini! Mama yangu amekufa ng'ambo, nikaenda kumlilia, nikashindwa kumlilia kwa sauti yake, ulimi ulikuwa umezoea uoga! Na leo mnasema sijui? Mimi sijui?"

Akayasema. Yote saba, kwa mkupuo mmoja, kwa ukelele unaopigwa ng'ambo ya mto. Neno la kwanza lilitoka vibaya, L ilikwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. La pili likakaa. Kuanzia la tatu ile sauti ilitoka nzima, nene, kutoka kule nyuma, na ikajaa kanisani mpaka watoto wakatoka dirishani. La mwisho lilikuwa jina la baba mkwe wake, aliyezikwa hatua thelathini kutoka alipokuwa amesimama.

Serafina alipiga yowe, akaziba masikio. Matius alisimama ghafla, benchi likaanguka pamoja na wazee wawili. "Amenitaja!" Otto alikuwa akipiga kelele, akigeuka kila upande kutafuta shahidi kana kwamba wangekosekana. "Mbele ya watu! Mke wa ndugu yangu amenitaja jina mbele ya watu!"

"Hiyo!" Naye Fidelis alikuwa amesimama, uso unang'aa kama mtu aliyeokota kitu barabarani. "Hiyo ndiyo L yenyewe! Na maneno yapo! Mama, kumbe unayajua yote, kwa nini..." Alitazama masikio yaliyozibwa, wazee waliokuwa wakiinuka sakafuni, Otto na mishipa yake ya shingo. Kidogo kidogo ikamwingia. Aliuliza taratibu, "Ni mwiko? Yote saba ni majina?"

Diwani akakitazama kidau cha wino.

"Kwa nini hamkuniambia? Siku tatu nzima nilikuwa nanyi. Diwani?"

"Hukuuliza," akasema diwani Hubert, na kwa mara ya kwanza hakuonekana ameshiba.

"Basi nafuta niliyoandika." Fidelis aliigeukia meza, akashika kinasa sauti, na mkono ukamgandia hapohapo. "Mama," alisema bila kuinua macho. "Sikuiwasha. Nilidhani tumeshamaliza."

"Andika kwa mkono."

"Hawapokei maandishi. Lazima wasikie kwa masikio yao. Nikiwapelekea karatasi peke yake watasema nimetunga kuwapendelea watu, na orodha inafungwa wiki hii."

Otto alisikia, akatulia ghafla. Akatabasamu, akafuta jasho. "Basi yamekwisha," alisema. "Diwani, tuendelee na vidole."

Kasper ndiye aliyekuja mbele. Alimshika Ludwina kiwiko, kwa upole kabisa, na akaongea chini chini kama wanavyoongea watu wa nyumba moja.

"Sikiliza. Mara moja ni hasira. Kila mtu ameona ulikuwa na hasira, na hasira ina faini yake, kuku wawili. Ndugu zangu watapokea, nitawabembeleza mimi. Ila ukikaa kwenye kiti ukayasema kwa mashine, hiyo si hasira. Hiyo ni kusudi. Kusudi halina kuku, mke wangu."

"Sheria naijua. Wewe unaijua kwa kusimuliwa."

"Watakata kila ulichopanda. Na mimi sitaruhusiwa kula tena mkononi mwako. Umenielewa? Mpaka tufe."

"Nimekuelewa." Alimtazama mumewe usoni, mzee huyu mwenye nyusi nyeupe aliyempenda kwa namna yake kwa miaka mingi, na alijua kwamba bado kuna kitu kimoja angeweza kumwomba. "Kaa nami hapa. Usiseme neno, wala usinitetee. Kaa tu kwenye benchi la mbele mpaka nimalize."

Kasper alitazama mlangoni. Ndugu zake watatu walikuwa wanatoka, maana aliyetajwa kwa kusudi haruhusiwi kubaki akasikia, na Otto alikuwa amesimama kizingitini akimngoja. Alimngoja tu, hakumwita.

"Twende nyumbani, Ludwina."

Ludwina akavuta kiti, akakaa.

Kasper alisimama pale kwa muda, mkono wake bado umekunjika kana kwamba umeshika kiwiko. Kisha akatoka nyuma ya ndugu zake. Kanisa likapukutika baada yao. Wengi walitoka kwa kuogopa kuhesabiwa mashahidi, na waliobaki walikuwa diwani, aliyeshindwa kuamua atoke au akae, na bibi mmoja kipofu wa jicho moja ambaye umri umemvusha mipaka ya miiko yote.

"Washa, mwanangu."

Fidelis akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Alikuwa na aibu hata ya kumkumbusha. "Taratibu yao, Mama... kila neno mara tatu. Polepole."

"Mara tatu."

Alianza na mwezi. Alilisema polepole, bila kupaza sauti, na akaliacha lisikike lote mpaka mwisho kabla ya kulirudia. Hasira haikuwa imeondoka. Ilikuwa imekaa naye kwenye kiti, imetulia, na ilimshika ulimi usiyumbe. Mwezi, mara tatu. Njia, mara tatu. Alikuwa anavuta pumzi kwa ajili ya jiwe waliposikia pigo la kwanza la panga.

Mipopoo yake iko nyuma ya kanisa, kumi na miwili, aliipanda mwaka alipozaliwa binti yake wa kwanza. Hakuna msiba wala posa hapo Dapsu ambayo haikutafuna popoo za miti ile. Mpopoo hauna kelele unapokatwa. Panga hulia mara chache, kisha huja mvumo mrefu wa makuti na kishindo kidogo. Ulianguka wa kwanza. Fidelis akaweka kidole juu ya kitufe.

"Mama, kuna kelele zinaingia. Tungoje zipite?"

"Hazipiti mpaka miti iishe. Endelea. Nazo ziingie humo, wakubwa wako wasikie."

Jiwe, mara tatu. Nje aliweza kuwatambua mmoja mmoja. Otto hupiga kwa nguvu na kuguna. Benedik hukata bila sauti, kama anavyofanya kila kitu. Matius hana uwezo wa kufanya kazi bila kuongea, hata sasa alikuwa akimsimulia mtu kitu. Watu watatu, mapanga matatu. Mvua, mara tatu. Moto, mara tatu, na hapo alipaza sauti kidogo ili Otto asiseme baadaye kwamba hakusikia vizuri.

Alipofika kwenye gimbi, lilikuja panga la nne.

Lilipiga mara mbili haraka, likapumzika. Mara mbili, likapumzika. Kasper ana bega lililoteguka mwaka alioanguka kutoka juu ya paa lao, hawezi kupiga tatu mfululizo. Ludwina alilisikia panga lile likichanja kuni kila asubuhi akiwa bado amelala, na asubuhi zote hizo alijisikia mtu mwenye mume. Yule bibi wa jicho moja alilitambua pia. Aligeuza uso wake ukutani.

"Mama?" Fidelis hakujua chochote. "Gimbi tumemaliza. Limebaki moja. Maji."

Ludwina alifungua kinywa, na sauti ikatetemeka.

"Hiyo futa," alisema. "Rudisha nyuma. Nisisikike hivyo."

Fidelis akarudisha utepe nyuma, akaufuta mtetemo ule, taa nyekundu ikawaka tena. Ludwina akalisema jina la baba yake Kasper. Alilisema kwa sauti inayofika nje, kwa L ya Uvrai, ya kooni, akaishikilia. Panga la nne likasita. Akalisema mara ya pili. Nje palikuwa kimya, hata Matius alikuwa amenyamaza. Akalisema mara ya tatu, akamaliza, na panga likaanza tena, mbili, mbili, kwa haraka kuliko mwanzo.

Fidelis alizima mashine, akajifuta uso kwa kiganja. "Yametimia, Mama. Yote saba. Uvrai watapata darasa lao, hakuna atakayeweza kukataa hili. Umemaliza sasa, pumzika."

"Nimemaliza nini? Umebakiwa na utepe kiasi gani?"

"Tepe mbili. Kwa nini?"

"Washa tena," Ludwina akasema, akakivuta kiti karibu na meza. "Nitajie yale mia moja tisini na matatu, moja moja, tuanze upya. Yale niliyokupa kwanza yalikuwa ya kwao, hawa wa Dapsu."